Glaida ya balsa inayoinua pua na kuanguka

Ndugu, umesema glaida yako ya mita 1 (ndege ndogo ya mfano isiyo na injini, iliyochongwa kwa balsa, mbao nyepesi sana) inainua pua kila ukiirusha, inapoteza kasi hewani, kisha inaanguka, na sasa unataka kuchonga mkia mpya. Usiukate bado. Mara nyingi dalili hizo ni za uzito uliokaa nyuma mno.

Pima upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, weka alama kwenye asilimia 30 hivi kutoka ukingo wa mbele, kisha iinue glaida hapo kwa ncha za vidole viwili, betri na sevo (vimota vya kusogeza usukani) zikiwa ndani. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele kwanza. Kipande cha risasi (metali nzito) cha kuongeza puani kiwe hatua ya mwisho. Ndiyo maana mkia huchongwa kwa balsa nyepesi kuliko zote ulizonazo: uko mbali na bawa, kwa hiyo gramu 1 ya huko hudai gramu kadhaa puani.

Itazame pia kwa nyuma. Bawa lililojipinda lipashe mvuke, lirudishe taratibu, ulishikilie mpaka lipoe.

Wakati wa kurusha, elekea upepo mwanana na uisukume mbele ikiwa sawasawa na ardhi. Ukiielekeza juu bila kasi ya kutosha, itaanguka hata kama uzito uko sawa. Ule urushaji wa kuzunguka ukishika ncha ya bawa unapendeza mno, ila unahitaji bawa lililoimarishwa kwa nyuzi za kaboni au za kioo. Balsa tupu inaweza kuvunjika mkononi.