Kaiserschmarrn yangu haiumuki

SWALI: Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Uyole, Mbeya. Wageni kutoka Austria waliniomba Kaiserschmarrn, ile chapati yao nene ya maji inayoraruliwa vipande. Nimejaribu mara mbili, ikatoka bapa na ngumu. Nakosea wapi?

JIBU: Tatizo, bila shaka, liko kwenye ute wa mayai. Chapati hii haitiwi hamira. Inainuliwa na hewa tu.

Kwa watu wawili, koroga viini 4, unga wa ngano gramu 130, maziwa mililita 250 na chumvi kidogo. Piga ute peke yake na sukari vijiko 2 katika bakuli kavu hadi usimame. Tone la kiini au mafuta likiingia, hautasimama hata upige hadi jioni. Uchanganye taratibu na ule mchanganyiko wa viini kwa mwiko, ukifunua kutoka chini kwenda juu. Ukikoroga kama uji, hewa yote imekwenda.

Yeyusha siagi gramu 30 kwenye kikaango, mimina mchanganyiko wote, nyunyiza zabibu kavu, funika. Punguza mkaa: moto mkali huunguza chini huku juu kukiwa kubichi. Chini ikiiva, kata robo nne, geuza, kisha rarua kwa uma mbili. Ongeza siagi na sukari kidogo, kaanga hadi ing'ae.

Kwao huliwa na plamu zilizopikwa au rojo la matofaa. Matofaa ya Njombe yanafaa kabisa. Na usiipange na vitafunwa vya chai: inashibisha kama mlo wa mchana.