Kabla ya Kuchagua Kompaila, Uliza Mteja Ana Kompyuta Gani

Vijana wa hapa Mbeya wanaoanza kuandika programu huniuliza lugha ipi ni bora. Mimi huwauliza: atakayeitumia ana mashine gani? Ukimtengenezea programu ya stoo mwenye duka la pembejeo Mafinga, au ya mapokezi ya kahawa chama cha msingi kule Mbozi, usishangae kukuta mezani kompyuta ya mtumba yenye Windows 7 ya biti 32. Wewe laptop yako ina Linux.

Kwa kazi hizo natumia lugha ya Go, inayokuja na kompaila yake, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa faili linaloweza kuendeshwa. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi tangu 2009, na haikulazimishi uwe na Windows ili utoe programu ya Windows. Unaandika hivi:

GOOS=windows GOARCH=386 go build

GOOS ni mfumo unaolenga, na GOARCH=386 ni prosesa ya biti 32. Linatoka faili moja la .exe, unalitia kwenye flashi, basi. Hakuna cha kusakinisha pembeni.

Ila toleo liangalie sana. Go 1.20, iliyotoka Februari 2023, ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Ukitumia 1.21 kwenda juu, programu itakompailika vizuri kabisa kwako, halafu inaweza kugoma kwa mteja. Ndiyo maana 1.20 nimeiweka kwenye folda yake na siisasishi. Najua haipati tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo naitumia tu kwa programu zisizogusa intaneti. Mteja akitaka za mtandaoni, namwambia abadilishe mashine. Hapo sioni sababu ya kubembelezana.

Kasheshe inaanza ukigusa lugha ya C. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, imeandikwa kwa C, na ukiiita kupitia cgo, njia ya Go ya kutumia msimbo wa C, utahitaji kompaila ya C inayojua kutoa faili za Windows. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, sakinisha kompaila hiyo, MinGW-w64, kisha iambie Go hivi:

CGO_ENABLED=1 CC=i686-w64-mingw32-gcc GOOS=windows GOARCH=386 go build

Siku hizi wengi wanasifia zig cc, kompaila ya C inayokuja na lugha ya Zig, na wana haki. Kwa Linux hasa inafaa: programu iliyokompailiwa kwenye Ubuntu mpya huweza kukataa kuwaka kwenye Linux ya zamani kwa sababu ya glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, lakini Zig inakuruhusu kutaja toleo la glibc unalolenga, mfano -target x86_64-linux-gnu.2.17. Kwa Windows 7 bado nabaki na MinGW.

CMake, zana ya kupanga ujenzi wa miradi ya C na C++, iache mpaka uwe na mradi wa C++ wenye mafaili mengi. Usijitese mapema.

Jingine ni bando. Ukiwa na intaneti nzuri, endesha go mod vendor. Maktaba zote za Go zinakaa ndani ya mradi wako, na hutazipakua upya kila ukihama mashine.

Kujaribu .exe kabla ya kuipeleka, Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, inasaidia kiasi. Ila printa ya risiti ya mteja huwezi kuijaribu ukiwa Mwanjelwa. Hiyo panda Hiace uifuate.