Anayekunywa gongo kila siku asifungiwe ndani ili aache ghafla

Ndugu yangu wa Kaliua, umeuliza kama mumfungie mdogo wenu chumbani wiki nzima ili aache gongo, na wachangiaji wengi wamekuunga mkono. Nakusihi msifanye hivyo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu anaweza kufa akikatiwa pombe ghafla bila kuwa mikononi mwa tabibu.

Yalimkuta kaka yangu mkubwa huku Urambo. Alikuwa mkulima wa tumbaku, na kama ujuavyo, fedha za tumbaku huja kwa mkupuo baada ya masoko, ndipo vilabu hujaa, na zikiisha wauzaji wa gongo hukopesha kwa ahadi ya msimu ujao. Hakuwa mtu wa fujo. Ila kila asubuhi mikono ilimtetemeka hata akashindwa kushika kikombe cha chai, mpaka azimue kwa kipimo kimoja ndipo atulie. Hiyo ndiyo dalili ya kuitazama kwa mdogo wenu kabla ya kuamua lolote, kwa kuwa ubongo uliozoea kupoozwa na pombe kila siku huchachamaa pombe inapokatika.

Wazee wa ukoo waliamua afungiwe katika stoo ya tumbaku. Siku ya kwanza alitokwa jasho na kutapika. Usiku wa pili alianguka na kukakamaa, ilhali hajawahi kuugua kifafa, na siku ya tatu alikuwa akijikung'uta siafu ambao hakuna mwingine aliyewaona, huku akizungumza na marehemu mama yetu. Palisemwa ni majini. Mganga alikwisha kuitwa wakati jirani yetu ambaye ni muuguzi alipoingia, akamshika mkono, akauliza amekunywa lini mara ya mwisho, kisha akaagiza tutafute gari. Hospitalini alipewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, pamoja na sindano za vitamini B1, ambayo walevi wengi hupungukiwa, na baada ya siku chache akili zilimrudia.

Kwa kawaida kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho, degedege huja ndani ya saa 48, na kule kuona mauzauza huku homa ikipanda na moyo ukienda mbio, ambako ndiko kunakoua, hutokea zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Mchangiaji mmoja amefananisha hali hiyo na arosto ya unga, yaani mateso ya mtumiaji wa heroini anapoikosa. Arosto ya heroini ni mateso makubwa, lakini yenyewe ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Ya pombe huua. Vilevile methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, ni tiba ya waliozoea heroini na haimsaidii mnywaji wa gongo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Nchini kwetu viroba, yaani pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini gongo, ambayo nayo ni haramu, bado inanyweka vijijini, na mnywaji hana njia ya kujua ukali wake wala kilichochanganywa ndani. Ikiwa na methanoli, mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho, kwa hiyo mnywaji akilalamika kwamba anaona ukungu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asiishie kunyweshwa maziwa nyumbani.

Basi mpelekeni mdogo wenu hospitali ya wilaya kabla hajaacha, na mpaka aonwe msimkatie pombe ghafla. Mwelezeni tabibu anakunywa kiasi gani kwa siku, alikunywa lini mara ya mwisho, na kama amewahi kuanguka degedege. Msifiche kwamba ni gongo kwa kuogopa polisi, kwa kuwa dozi atakayopewa inategemea majibu hayo.