Kuishiwa nguvu kilomita ya 32

Pole na hongera, ndugu yangu. Unauliza kama kutembea kuanzia kilomita ya 32 kunafuta marathoni yako ya kwanza. Hakufuti, zile kilomita 42.195 umezimaliza kwa miguu yako. Iliyokuishia ni sukari ya akiba mwilini, na kwa joto na unyevu wa Dar huisha mapema, hasa ukitoka mbio kama ulivyotoka. Mimi yalinikuta Oysterbay, nikakaa kando ya barabara namtazama muuza madafu kwa uchu, sina hata shilingi mfukoni!

Wiki mbili hizi usikimbie, tembea tu jioni ufukweni Coco. Ngazi utazishuka kinyumenyume siku tatu hivi, kawaida. Ila andika sasa, kabla hujasahau: ulikula nini, ulikunywa wapi, kilomita tano za kwanza ulitumia dakika ngapi. Safari ijayo anza polepole mpaka uone aibu.