Maneno makubwa si lazima
Umeuliza kama hotuba ya kushawishi inahitaji maneno makubwa. Hapana. Msikilize Nyerere, Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameshaingia Kagera. Alikuwa anaongea na wazee wa Dar es Salaam. Kwanza anaeleza kilichotokea, mpaka msikilizaji anakasirika mwenyewe bila kuambiwa akasirike. Ndipo anakuja na yale matatu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Maneno ya kila siku hayo, hata mtoto anayaelewa. Ila sentensi zimefuatana kwa mpigo mmoja, ndiyo maana zinakaa kichwani (watu wanazinukuu hadi leo). Wanaomuiga hukimbilia ule ukali wa mwisho, maelezo ya mwanzo wanayaruka, basi inabaki kelele tu.