Rangi ya kiwandani

SWALI: Nina Mercedes W123 ya 1982, nyeupe. Fundi anasema ilitoka kiwandani kijani. Nitahakikishaje?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Fungua boneti. Juu ya rejeta kuna kibati chembamba chenye namba zilizogongwa. Kifute kwa kitambaa chenye sabuni. Msasa utazila namba. Tafuta tarakimu tatu za rangi: 737 ni nyeupe, 623 ni rangi ya pembe ya ndovu, ile ya teksi za Ujerumani. Tarakimu nyingine tatutatu ni vifaa vya ziada: 412 rufu inayofunguka kwa umeme, 420 gia otomatiki, 580 kiyoyozi. Kama 580 ipo na kompresa haipo, basi iling'olewa.

Gari likigongwa mbele, kibati huweza kupotea au kuletwa cha gari jingine. Kwa hiyo bandua kava la ndani la mlango, inua na zulia la buti. Mafundi wengi hawapulizi rangi mpya huko. Bado una shaka? Chini ya raba ya mlango sugua eneo la ukubwa wa sarafu kwa msasa wa maji namba 800, taratibu. Tabaka zitajitokeza kama miduara. Usidanganyike na praima, ile rangi ya chini inayotangulia: ya kijivu si rangi ya gari.