Haki isiyo na ibara

SWALI: Shikamoo mwalimu wa safu ya sheria. Shemeji yangu kanifunga mdomo mbele ya watu. Nilisema kuchungulia simu ya mtu ni kuvunja haki yake ya faragha. Akanitupia nakala ya Katiba ya Marekani, akaniambia, "Nionyeshe hilo neno faragha." Nimelitafuta mpaka macho yakauma, silioni. Je, haki isiyoandikwa ipo?
— Aliyenyamazishwa

JIBU: Marahaba. Hulioni kwa sababu halimo, hapo shemeji kasema kweli. Ila hukusoma Marekebisho ya Tisa ya Katiba hiyo, ya mwaka 1791. Wakati ule wapo walioogopa kuorodhesha haki, wakihofu kwamba siku moja atatokea mtu kama shemeji yako na kudai kisichotajwa hakipo. James Madison, aliyeyaandika marekebisho hayo, akawajibu kwa kuandika kwamba kutajwa kwa haki fulani kusichukuliwe kuwa kunazikana nyingine walizobaki nazo wananchi. Mwaka 1965 mahakama ya juu kabisa ya huko ikafuta sheria ya Connecticut iliyokataza hata wanandoa kutumia vidhibiti mimba, na sababu ilikuwa hiyo hiyo faragha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ireland. Katiba yao ya 1937 inasema dola italinda, hasa, uhai, nafsi, jina jema na mali ya raia. Mama mmoja alipinga floraidi, madini ya kulinda meno, kutiwa kwenye maji ya bomba. Jaji akaling'ang'ania lile "hasa": orodha ingekuwa imekamilika, neno hilo lingekuwa na kazi gani pale? Basi zipo haki nyingine, na mojawapo ni ya mwili wako kutoingiliwa. Mama mwenyewe alishindwa, maana mahakama haikuridhika kwamba floraidi ile ina madhara, na rufaa yake ikagonga mwamba mwaka 1965. Kesi aliipoteza, haki ikabaki, wakaja kuitumia wengine. Mimi huwa namwonea huruma na wivu kwa pamoja.

India nao katiba yao haikuitaja faragha. Majaji wa zamani walikataa kuitambua, lakini mwaka 2017 majaji tisa kwa kauli moja waliikuta ndani ya ibara ya 21, inayolinda uhai na uhuru wa mtu.

Sasa nisikudanganye. Haki iliyosomwa katikati ya mistari, jaji mwingine anaweza kuisoma ikatoweka. Haki ya kutoa mimba ilitambuliwa Marekani mwaka 1973, ikaondolewa mwaka 2022. Majaji walisema haimo kwenye maandishi wala haina mizizi katika historia ya nchi. Uikubali hukumu ile au uichukie, ndivyo haki za aina hii zilivyo. Kwa hiyo ukienda mahakamani usiseme tu "ni haki yangu". Itundike kwenye neno lililoandikwa: uhai, uhuru, utu.

Jambo jingine, simu ukichunguliwa na polisi ni kesi ya katiba. Ukichunguliwa na shemeji, mara nyingi ni ya sheria za kawaida.

Na ile nakala mrudishie, umwombe akutafutie humo neno "ndoa". Nalo halimo. Hata hivyo mwaka 1967 mahakama ile ile ilisema kuoa ni haki ya msingi, ikafuta marufuku ya weusi na weupe kuoana. Akilikosa, muulize yeye amekuwaje shemeji yako.